Kombe au Trekta

Kuna watu Kitale mpaka leo watakuambia ati timu ya voliboli ya wasichana wa Daraja Mbao ilifundishwa na mwalimu. Uongo mtupu! Ilifundishwa na mpishi. Nasema mpishi wa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mama wa aproni na mwiko, aliyekuwa akitoka jikoni saa kumi jioni akinuka moshi, anajipangusa mikono kwenye leso, kisha anaingia uwanjani na kuanza kufoka. Jina lake Rosaline Nekoye, ila pale shuleni hakuna aliyemwita hivyo. Kwa walimu alikuwa Mama Kevin. Kwa wasichana wa timu, wakiwa na raha zao, alikuwa Mathe, yaani mama.

Daraja Mbao ilikuwa sekondari ya kutwa upande wa Saboti: madarasa manane, mabati yenye kutu, na wanafunzi wanaokuja kwa miguu kutoka mashambani. Basi la shule haikuwa nalo. Maktaba yake ilikuwa kabati. Kitu kimoja tu ilikuwa nacho ambacho hata shule kubwa zingekionea wivu, nacho ni uwanja wa nyasi, ekari moja u nusu, tambarare kabisa, na katikati yake nguzo mbili za mkaratusi zilizoshika neti.

Rosaline alikuwa mzaliwa wa Chwele. Usichana wake aliumalizia kwenye voliboli mpaka mama yake akachoka kumpigia kelele, kisha akachezea timu ya wanawake mjini Bungoma miaka miwili, akiwa seta, yaani yule anayeinua mpira ili mwenzake aupige. Halafu goti likaenda upande, ndoa ikaja, watoto wakafuatana, mume akamleta Saboti, na hapo Daraja Mbao akaajiriwa kupika. Kwa miaka tisa hakugusa mpira. Mwaka wa 2001 mwalimu wa michezo, Bwana Wahome, alipata uhamisho, na mipira yake mitatu ikatupwa stoo ya jikoni juu ya magunia ya maharagwe. Wasichana wakawa wanakuja kila jioni, "Mama Kevin, tusaidie na mpira." Akawa anawapa tu. Siku moja akatoka nje kuona wanaufanyia nini. Akamwona msichana mmoja mwembamba wa kidato cha kwanza, anaitwa Wangui, anainua mpira kwa ncha za vidole, bila kishindo, bila hata kuuangalia. Rosaline alisimama pale mdomo wazi mpaka maji ya chai yakachemka, yakapungua, yakakauka. Jioni ile walimu hawakunywa chai, na Daraja Mbao ikapata kocha.

Sasa twende mwaka wa 2003, mwezi wa tatu, wakati Trans-Nzoia nzima inaangalia mawingu na kugombania trekta.

Mwalimu Mkuu alikuwa Bwana Kagwe, mtu wa suti ya kahawia na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Wazazi wake walikuja kutoka Nyeri na majembe mabegani, wakapewa kipande cha ardhi, wakakilima mpaka wakamsomesha. Mtu kama huyo akiona ardhi imelala bure, anaumwa jino. Na ukweli ni kwamba mahindi ya shule yalikuwa yakiisha kila mwaka kabla muhula wa pili haujafika nusu, na mtoto wa kutwa akishakosa chakula cha mchana, kengele ya saa nane inamkuta njiani akienda kwao. Kagwe akakaa na halmashauri ya shule, wakakubaliana. Uwanja ulimwe, wote, upandwe mahindi. Akamwita Rosaline ofisini.

"Mama Kevin, si ni wewe unakujanga hapa kila mwezi wa saba kuniambia ati mahindi imeisha?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Basi nimesikia kilio yako. Trekta ya Muturi inakuja Jumatatu ijayo, kabla mvua haijashika. Uwanja inalimwa."

Maskini Rosaline, alikosa hata pa kushika. Aseme mahindi hayatakikani? Angekuwa mwongo. Ni yeye aliyekuwa akikwangua sufuria na kuwaambia watoto wa mwisho kwenye foleni kwamba leo ni supu tu, na usiku hapati usingizi kwa sababu ya zile nyuso.

"Na wasichana wangu je?" akauliza. "Jumamosi tumealikwa Bungoma."

"Mumealikwa kufanya nini? Mwaka jana mulienda mkapigwa na kila mtu, mkarudi na kiu."

"Mwaka huu tunarudi na kombe."

Kagwe akacheka mpaka akavua miwani. "Mama Kevin! Haya. Ukiweka kombe juu ya hii meza, mimi mwenyewe nitamwambia Muturi apeleke trekta yake mbali. Bila kombe, Jumatatu saa mbili asubuhi, jembe chini."

"Umesema, Mwalimu?"

"Nimesema."

"Basi shika hayo maneno vizuri, yasikuanguke."

Akatoka mle ofisini. Wallahi alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinachomchekesha peke yake, kitu alichokuwa hajakisikia tangu enzi zake za Bungoma. Alikuwa na siku tano.

Shida ya timu yake ilikuwa urefu. Wasichana wale walikuwa wafupi jamani, wafupi wa kukata tamaa. Mmoja tu ndiye aliyejua kuruka, Nakhumicha, mtoto wa Tongaren aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake pale Saboti, na kila aliyewahi kucheza na Daraja Mbao alijua mpira wote unakwenda kwa Nakhumicha. Wapinzani walikuwa wakijipanga tu mbele yake, mikono juu, na mpira unarudi ulikotoka. Kwa hiyo Rosaline akatunga hila. Nakhumicha aruke vilevile, kwa vitisho vilevile, lakini mara apige kwa nguvu zake zote, mara auguse tu kidogo uanguke nyuma ya ile mikono. Ila Nakhumicha atajuaje afanye lipi? Wangui ndiye anayeona upande wa pili umejipangaje. Basi Wangui aite kwa neno la siri.

Uchaguzi ulikuwa umepita miezi mitatu tu, na neno kura lilikuwa bado linaelea hewani. Rosaline akapata wazo, akalipenda kabisa.

"Wangui, ukitaka agonge, unaita 'Kula!' Anakula huo mpira yote. Ukitaka auweke polepole, kama karatasi kwa sanduku, unaita 'Kura!' Mumeshika?"

"Tumeshika!"

Hapo nimeyaandika yalivyokuwa kichwani mwake. Yalivyotoka mdomoni ni habari nyingine. Wangui alizaliwa nyumba ya Wakikuyu, na ulimi wake ulikuwa umekataa kata kata kutamka l mbele ya watu. Rosaline na Nakhumicha ni Wabukusu, na kwa wenzetu hao l na r ni mapacha, unamwita huyu anaitika yule. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, mama huyu alikwenda kuchagua hayo mawili!

Wangui akainua mpira. "Kura!" Nakhumicha akaruka, akauweka polepole kama anayelaza mtoto.

"Aaah! Amekuambia kura!" akafoka Rosaline.

"Si ndio nimeweka, Mathe?"

"Nani amesema uweke? Si kura, ni kura! Kura ya kukura!"

Uwanja mzima ukalipuka. Wilkista, aliyekuwa akicheza nyuma, alilala kifudifudi akipiga nyasi ngumi. Wangui alichuchumaa, machozi yakimtoka. Hata wavulana waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama kuuliza ni nini kinachekwa, na walipoambiwa wakacheka nao, kwa sababu ukiuliza yeyote kati yao aseme hayo maneno mawili, utasikia neno moja.

Mwingine angebadilisha. Angesema tumia "moja" na "mbili", biashara ikaisha. Lakini Rosaline ukimcheka ndiyo umeharibu. "Mutajua tu," akasema, akawarudisha kwenye laini. Jumatatu walikosea. Jumanne walikosea, kisha mwishoni mwishoni wakaanza kupatia. Jumatano wakapatia, na Alhamisi hawakukosa hata mara moja. Rosaline alikwenda nyumbani kifua mbele, akimwambia mume wake kwamba watoto wakifundishwa kutamka wanatamka.

Jumamosi asubuhi wakasafiri kwa kenta, lori dogo la mfanyabiashara mmoja wa vitunguu aliyekuwa akienda soko la Chwele, na ambaye alikubali kuwafikisha Bungoma kwanza. Wasichana walikaa nyuma juu ya magunia matupu. Sheria ya mashindano ilisema lazima timu iandamane na mwalimu, na walimu wote waliulizwa, na wote kwa bahati mbaya walikuwa na matanga siku hiyo. Ikabidi aende Bwana Kagwe mwenyewe. Alikaa mbele na dereva, gazeti mapajani, uso wa mtu anayepotezewa muda.

Walipofika, shule nyingine zilikuwa zishapasha misuli. Tulieni niwaambie: suti za michezo za rangi moja, viatu vipya, mipira kwenye wavu kama machungwa. Daraja Mbao walishuka kenta wakiwa na fulana za kijani zilizopauka, na harufu ya vitunguu ikashuka nao. Msichana mmoja mrefu wa shule ya bweni akashika pua.

"Niaje nyinyi? Mumekuja kuuza vitunguu?"

"Poa," akajibu Wangui bila kusimama. "Tumereta za kuwariza."

Nakhumicha alimkumbatia pale pale. Rosaline akajifanya hakusikia, lakini alisikia, na moyo ukamjaa.

Mechi ya kwanza walishinda kwa jasho, ya pili wakashinda kwa seti tatu, na watu wakaanza kusogea. Nani hawa? Wa wapi hawa? Daraja Mbao ni wapi? Bwana Kagwe, aliyekuwa ameketi kivulini akisoma gazeti, alilishusha kidogo. Katika nusu fainali alilikunja. Mpira wa mwisho ulipoanguka chini upande wa wapinzani, lile gazeti lilikuwa limeviringwa mkononi mwake, anajipigia nalo paja.

Fainali sasa. Waliokuwa ng'ambo ya neti ni ile ile shule kubwa ya bweni, ya hapo hapo Bungoma. Jina silitaji, wasije wakaniandikia barua. Kocha wao, Bwana Mukhisa, alikuwa mtu wa filimbi na daftari. Nusu fainali yote alikaa nyuma ya benchi la Daraja Mbao akiandika, na Rosaline alipogeuka mara moja akaona yule mtu anatabasamu peke yake, akajua. Wameibiwa maneno.

Seti ya kwanza sitaki kuisimulia sana. Ishirini na tano kwa kumi na tano. Wale warefu walisimama mbele ya Nakhumicha kama ukuta wa benki, na Rosaline alitembea huku na huku akisema chini kwa chini, "Jumatatu saa mbili. Jumatatu saa mbili."

Seti ya pili ikaanza, na Mukhisa akaona amalize kazi. Akasimama, akaanza kuwaelekeza wasichana wake kwa sauti, maana alishajua siri yote.

"Skizeni! Wakiita kura, songeni mbere muokote! Wakiita kura, lukeni juu muzibe!"

Kapteni wake akageuka. "Mwalimu, tukisikia kura tufanye nini?"

"Si nimesema? Kura, munasonga. Kura, munaluka!"

"Ni ile ile, Mwalimu!"

"Si ile ile! Hiyo ni kura, na hiyo ingine ni kura! Kura ya kukura!"

Rosaline aliganda. Maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, kutoka benchi la adui! Umati ulicheka, refa aligeuza uso, na wale wasichana wa bweni walikuwa wanaangaliana. "Kura!" akaita Wangui. Wawili wakaruka, wawili wakakimbilia mbele, wakagongana, na mpira wa Nakhumicha ukapita juu yao ukapiga laini ya nyuma, paa! "Kura!" Sasa wote wanne wakaruka, na Nakhumicha akauweka chini taratibu, miguuni mwao.

Ndipo swali likamjia Rosaline, likamchoma. Kama wale hawasikii tofauti, wake je? Akaomba muda. Wasichana wakaja wakihema.

"Nakhumicha, mwanangu, niambie ukweli. Wewe unajuaje?"

"Kujua nini, Mathe?"

"Kura na kura."

Nakhumicha akamtazama Wangui. Wangui akatazama chini. Wilkista akaanza kukohoa.

"Mathe, usikasirike," akasema Nakhumicha. "Sisi hatuskizangi. Wangui akitaka nigonge, anasimama na vidole ya miguu. Akitaka niweke, visigino iko chini. Tuliona tangu Jumanne."

"Na hizo kelele zote?"

"Hizo ni zako. Tulikuwa tunakuheshimu tu."

Rosaline hakujua acheke au alie. Kisha akawashika wawili wale shingoni, akawavuta kwake mpaka vichwa vikagongana. "Basi rudini mukapige kelele zaidi!" akasema. "Pigeni mpaka huyo mzee ameze firimbi!"

Lo! Waliporudi hawakuwa watoto wale wale. Waliita kura kwa mpira wa Nakhumicha, wakaita kura wakisevu, yaani wakianzisha mpira, wakaita kura hata refa alipofuta jasho. Mukhisa alitupa daftari. Seti ya pili ikaenda kwa Daraja Mbao, ishirini na tano kwa ishirini na mbili, na wauza mahindi ya kuchoma waliacha makaa yao wakaja kusimama kwenye kamba.

Seti ya tatu ni ya pointi kumi na tano, na lazima umzidi mwenzako kwa mbili. Nne kwa nne. Tisa kwa tisa. Wale wa bweni hawakuwa wajinga, waliacha kusikiliza maneno wakaanza kucheza mpira wao, na mpira wao ulikuwa mzuri. Kumi na mbili kwa kumi na tatu. Rosaline hakuwa na sauti tena, alikuwa anafoka kwa mikono. Nyuma yake kuna mtu alikuwa anapiga mayowe ya kupasua masikio, na alipogeuka amwambie anyamaze akaona ni Bwana Kagwe, koti liko mabegani mwa mtu asiyemjua, tai iko mgongoni, anaruka. "Kura!" alikuwa akipiga kelele Mwalimu Mkuu. "Wape kura! Wape yote!"

Kumi na nne kwa kumi na nne. Nakhumicha akagonga mmoja ukaparuza laini. Kumi na tano. Umebaki mmoja.

Daraja Mbao wakasevu, ukapokelewa. Ukarudishwa, ukaokolewa. Wilkista alijitupa kama gunia akauokoa kwa ngumi moja, ukaruka upande, Wangui akaukimbilia. Nakhumicha akaanza mbio zake. Wale warefu wote wakajipanga mbele yake, mikono juu, na benchi zima, na umati mzima, na Kagwe, na Rosaline, wote walikuwa wanamtazama Nakhumicha akipaa. Wangui hakuita kitu. Aliugeuza mpira kwa vidole viwili, hivi tu, akauangusha mwenyewe mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Sijui nikuelezeje kelele za pale. Rosaline aliketi chini kwenye vumbi, leso usoni, akalia kwa sauti bila haya yoyote, na wasichana wakamwangukia juu mmoja mmoja mpaka hakuonekana. Aliyemtoa chini ya lile rundo ni Kagwe, akimvuta mkono.

"Mama Kevin! Uwanja ni yako! Nimesema!"

"Sema tena, Mwalimu!"

"Uwanja ni yako! Hakuna trekta! Mimi ndio Kagwe!"

Kombe lilikuwa dogo, la bati la rangi ya dhahabu, na Kagwe hakukubali mtu mwingine alishike. Wakati wa kurudi alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma juu ya magunia, suti na yote, na kutoka Bungoma mpaka Kimilili waliimba, Kimilili mpaka Kiminini wakaimba, na Mwalimu Mkuu alikuwa akiimba nyimbo za Kibukusu ambazo hakujua hata neno moja, akipaza tu pale penye mdundo. Rosaline alikuwa anamtazama na kucheka. Jumatatu, alikuwa akiwaza, Jumatatu saa kumi nitawakuta pale kwenye nyasi.

Jua lilikuwa bado halijazama walipoingia lango la shule. Watu wa kituoni walikuwa wameshasikia, wakawa wanakuja mbio nyuma ya kenta, wamama, vijana wa bodaboda, watoto. Wimbo ulikuwa umepamba moto. Halafu wale waliosimama mbele wakanyamaza, na ukimya ukarudi nyuma mtu kwa mtu mpaka wote wakawa kimya.

Uwanja haukuwapo. Kulikuwa na shamba, jekundu, madongo makubwa yamepinduka tumbo juu, nyasi chini, kutoka ua hadi ua. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa kali. Nguzo za mkaratusi zilikuwa zimeng'olewa zikalazwa kando, na neti imekunjwa vizuri ikatiwa kwenye gunia.

Mlinzi, Mzee Wabwile, akaja akikimbia, amefurahi kweli. "Mwalimu, kazi imeisha! Dereva wa Muturi alisema Jumatatu anatakikana Tongaren, akakuja leo. Na mimi nikamwonyesha vile uliniagiza. Wote, mpaka kwa ua."

Kagwe alisimama na kombe lake. "Nilisema Jumatatu," akasema. "Mama Kevin, si unajua? Mimi nilisema Jumatatu."

Wilkista alianza kulia, na wengine wakafuata. Rosaline alishuka kwenye kenta. Matusi aliyokuwa nayo mdomoni yangetosha wilaya nzima, na alikuwa na haki nayo yote. Lakini aliingia shambani kwanza, miguu ikizama, akainama, akaokota dongo akalivunja. Alikuwa mtoto wa wakulima, mkono wake ulimwambia hata kabla hajataka kujua: udongo mzuri. Udongo wa kulisha watoto mpaka wa mwisho kwenye foleni. Alichukia kulijua hilo. Alisimama pale na udongo mkononi, moyo unamvuta huku na huku, na watu wote lango zima wanamngoja yeye.

Kisha wakamwona anatembea. Hatua ndefu, za kupima, akihesabu kwa sauti iliyokauka. "Moja. Mbili. Tatu." Madongo yalimkwaza, akaanguka, akasimama tena. Alipofika kumi na nane, urefu wa kiwanja cha voliboli, akachoma kijiti. Akageuka, akahesabu tisa, akachoma kingine. Akazunguka mpaka vijiti vikawa vinne, kule kwenye pembe ya mbali, ambapo pana kivuli asubuhi.

"Mwalimu," akaita. "Hapa katikati ya vijiti ni yangu. Hiyo ingine yote panda mahindi, si ni mimi nitapika?"

Na akaanza kukanyaga. Alikanyaga kwa miguu miwili, madongo yakipasuka, leso kiunoni, akianzisha wimbo kwa ile sauti yake iliyokwisha. Nakhumicha akavua viatu akaruka ndani. Wangui akafuata, na Wilkista na pua yake inayovuja, na timu yote. Wamama wakaweka vikapu chini. Dereva wa kenta akataka kuingiza gari likanyage, akaambiwa litazama, akashuka akaingia mwenyewe. Vijana wa bodaboda walikuja, wakaja watoto wa shule ya msingi, wakaja hata wale ambao hawajawahi kuona voliboli, mabega yanatikisika, miguu inashuka pamoja, du, du, du, na vumbi jekundu likapanda mpaka kwenye mabati.

Bwana Kagwe aliliweka kombe juu ya nguzo zilizolala. Akaketi, akafungua kamba za vile viatu vyake, akavua soksi, akazikunja. Akakunja suruali mpaka magotini. Watu wakampisha. Aliingia akichechemea, nyayo laini za ofisini, akaanza kuinua mguu na kushusha, nje ya mdundo kabisa, kichwa ameinamisha.

Rosaline akamwangalia. Jasho na vumbi vilikuwa vimemfanya mwekundu usoni.

"Mwalimu, hapo bado ni shamba!" akamfokea mbele ya wote. "Kanyaga, bana!"

Na Mwalimu Mkuu akakanyaga.